Natafuta mahali pa kumlea mtoto wa miezi minne: niangalie nini hasa?

Mama Mpya

Habari zenu wanajukwaa. Nina mtoto wa kike wa wiki 11, ambaye ndiye wa kwanza kwetu, na likizo yangu ya uzazi itakwisha atakapokuwa anakaribia kutimiza miezi minne. Mimi na baba yake sote tumeajiriwa, hatuna ndugu wa karibu anayeweza kushinda naye, na wazo la kumwajiri yaya tulilijadili kwa siku kadhaa kisha tukaliacha, kwa sababu nyumbani asingekuwepo mtu mzima mwingine wa kuona siku inavyokwenda. Tumebaki na njia moja tu, nayo ni kutafuta mahali atakapolelewa kuanzia asubuhi hadi jioni, siku tano za wiki.

Hadi sasa nimetembelea sehemu mbili. Ya kwanza ni kituo kikubwa ambacho kuta zake zimechorwa wanyama, kila chumba kina kamera, na ratiba ya siku imechapwa vizuri na kubandikwa mlangoni. Nilipomuuliza msimamizi ni nani hasa atakayemshika mwanangu, alinijibu kwamba walezi wao wote wamepata mafunzo, nami nikaona haya kuuliza tena. Ya pili ni nyumba ya mama mmoja wa makamo, mwenye kibali cha kazi hiyo, ambaye hupokea watoto wanne na si zaidi. Kwake hakuna michoro wala kamera, na vitu vya kuchezea ni vichache, vingine vimechakaa. Hata hivyo, muda wote tulipokuwa tukizungumza alikuwa amempakata mtoto mmoja, na kila mtoto huyo alipoguna, yule mama aliyakatiza maneno yangu bila kuniomba radhi, akamwitikia mtoto kwanza, ndipo akanirudia mimi.

Moyo wangu uko kwa yule mama, lakini akili inaniambia kituo ni salama zaidi. Dada yangu, ambaye hana subira na mambo haya, ananiambia mchagua jembe si mkulima, na kwamba nichukue palipo karibu na kazini niache kujitesa. Naomba waliopitia njia hii wanieleze ni mambo gani ya kuangalia na maswali gani ya kuuliza. Naomba pia kujua nitafanyaje kuhusu maziwa, kwa kuwa hadi leo ananyonya tu na hajawahi kuonja chupa. Na swali la mwisho, ambalo naliuliza kwa sauti ya chini: je, akishinda na mtu mwingine saa tisa kila siku, hatanisahau?

Mama wa Wawili

Hongera sana kwa kupata mtoto, na pole kwa kuzihesabu siku zinazokwisha, kwani nami nimezihesabu mara mbili. Naomba nikueleze kosa nililolifanya kwa mwanangu wa kwanza, labda litakusaidia kuliko ushauri.

Nilichagua kituo kwa kutazama jengo. Palikuwa pasafi, pana uzio imara, na kila jioni nilikabidhiwa daftari lililoandikwa mtoto alikula nini, alilala saa ngapi na alibadilishwa nepi mara ngapi. Nililipenda sana lile daftari, na nilikuwa nalisoma ndani ya basi kama mtu anayesoma barua. Siku moja nilimchukua mtoto saa sita mchana ili nimpeleke kupata chanjo, na kwa haraka nikalisahau daftari kituoni. Nilipolichukua siku iliyofuata nikakuta imeandikwa kwamba jana yake, saa nane mchana, alilala vizuri. Saa nane mchana mwanangu alikuwa mapajani mwangu kliniki, akilia kwa sindano.

Sikugombana na mtu. Nilianza tu kuangalia upya mambo ambayo nilikuwa nayaona bila kuyatazama, nikagundua kwamba katika miezi mitano mwanangu alikuwa amepitia mikono ya walezi wanne, na kwamba yule aliyekuwapo wakati huo hakujua hata kuwa mtoto huyu hulala haraka akipigwapigwa mgongoni. Kwa mtoto wa pili, swali langu la kwanza kila nilipokwenda lilikuwa hili: mlezi wa chumba cha wachanga ameanza kazi hapa lini, na aliyemtangulia aliondoka lini? Mahali ambapo walezi hawakai, uliza kwa nini hawakai, kwa sababu mtu anayelipwa vibaya na kuchoshwa kupita kiasi hawezi kuwa mpole hadi saa kumi na moja jioni, hata awe na moyo mzuri kiasi gani.

Mlezi wa Zamani

Nimefanya kazi katika vyumba vya watoto wachanga kwa miaka tisa, hadi mgongo uliponiomba nipumzike, kwa hiyo nitajibu kutoka upande wa ndani wa mlango.

Mama Mpya, umeshaona jambo kubwa kuliko unavyodhani. Mlezi aliyekukatiza maneno ili amwitikie mtoto alikuonyesha kazi yake, ilhali msimamizi aliyekujibu kwamba walezi wote wamepata mafunzo hakulijibu swali lako. Rudi ukamuulize tena, bila haya, ni mlezi gani atakayekuwa wa mwanao, na nani atakayeshika nafasi yake huyo akiumwa. Kituo kizuri humkabidhi kila mtoto mchanga kwa mlezi wake mahususi, hata kama wengine wanasaidia, na jina hutajwa papo hapo.

Jambo la pili ni hesabu. Kwa watoto ambao hawajatimiza mwaka mmoja, viwango vinavyopendekezwa na wataalamu ni mlezi mmoja kwa watoto watatu, au wanne ikizidi sana. Usikubali kuambiwa hesabu. Ihesabu mwenyewe kwa macho, na uihesabu saa ambazo walezi hupokezana kwenda kula, kwa maana hapo ndipo mlezi mmoja hubaki na watoto saba. Kwa yule mama wa nyumbani, idadi ya wanne peke yake haitoshi kukupa jibu. Uliza umri wa kila mmoja. Wawili wanaotembea na wawili wachanga ni kazi inayowezekana kwa mtu makini, lakini wanne ambao hakuna hata mmoja anayetembea ni jambo jingine kabisa: moto ukitokea, mtu mzima mmoja atatoka na wangapi?

Ukiweza, usiende kwa miadi tu. Mgeni anayetarajiwa hufagiliwa uwanja, nasi tulikuwa tukifagia kweli. Omba kurudi jioni, saa moja kabla ya kufunga, wakati watoto wamechoka na walezi wamechoka. Mahali panapokataa katakata mzazi asifike wakati wowote pamekwisha kukujibu. Ukifika, usiogope kusikia kilio, kwani watoto wachanga hulia. Kinachostahili kukutia shaka ni chumba chenye watoto wanane walio macho na kimya, kila mmoja ndani ya kiti chake, wakitazama ukuta.

Kisha, kama wataruhusu, simama utazame nepi moja ikibadilishwa. Sisemi haya kwa mzaha. Mtoto wa umri huo hubadilishwa mara kadhaa kwa siku, na kwa mlezi mwenye haraka hizo ni dakika mbili za kufuta na kufunga huku akizungumza na mwenzake juu ya kichwa cha mtoto. Kwa mlezi mwema ndipo hasa mazungumzo yalipo: humwambia mtoto kwamba sasa anamwinua, husubiri kidogo, humtazama usoni, humwachia mguu mmoja arushe anavyotaka, na akimaliza hunawa mikono kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Emmi Pikler, daktari wa watoto aliyeanzisha makao ya watoto wachanga mjini Budapest mwaka 1946, alijenga mfumo wake wa malezi juu ya dakika hizi zinazodharauliwa, akifundisha kwamba mtoto asiguswe kama mzigo unaohamishwa. Nilipolijua jambo hili nilikuwa nimekwisha fanya kazi miaka miwili, na niliona haya kwa jinsi nilivyokuwa nikiwanyanyua watoto kwa nyuma bila neno.

Tazama pia wanavyonyonyeshwa chupa. Ukiona chupa imeegemezwa kwenye mto huku mtoto amelala peke yake, ondoka, kwa maana mtoto anaweza kupaliwa na asiwepo mtu wa kumsikia. Na kuhusu kamera, sizipingi, ila kamera hukuonyesha mlezi amesimama wapi. Haikuonyeshi mikono yake ina uzito gani.

Swali moja la mwisho, ambalo nisingelikosa kama ningekuwa mzazi: muulize mlezi hufanya nini mtoto anapolia nusu saa bila kunyamaza. Akikuambia kwamba kwake watoto hawalii, usimwamini. Anayejibu kwamba huangalia nepi, njaa na joto la mwili, kisha humbeba na kutembea naye, na akihisi hasira zinampanda humkabidhi kwa mwenzake au humlaza kitandani salama akatoka nje kuvuta pumzi, huyo anaijua kazi na anajijua mwenyewe. Mtoto mchanga hutikiswa na mtu aliyeishiwa subira akiwa peke yake, na kutikiswa huweza kuudhuru ubongo kwa sekunde chache tu. Hapo ndipo udhaifu wa mlezi wa nyumbani unapoonekana: hana mwenzake wa kumpokea. Lazima akuambie humwita nani.

Baba wa Pacha

Nitakuwa mfupi. Dada yako hajakosea kabisa. Mahali pazuri palipo mbali hukuchosha wewe na mtoto, na siku akipandwa na homa, tofauti ya kufika baada ya dakika 15 na kufika baada ya saa moja na nusu si ndogo. Sisi tulihamisha pacha wetu kutoka mahali tulipopapenda hadi mahali tulipopakubali, kwa sababu ya umbali tu, na hatujajuta.

La pili: sioni popote katika maelezo yako kwamba baba yake amekwenda kutembelea. Aende. Kuna mambo mlezi huyasema mbele ya baba ambayo hakuyasema mbele ya mama, na kinyume chake.

Muuguzi wa Watoto

Naomba nijibu suala la maziwa na niongeze mawili ya usalama.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, na kurudi kazini hakulazimishi kuliacha jambo hilo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama kwa saa 4 katika chumba ambacho joto lake halizidi nyuzi 25, kwa siku 4 katika jokofu, na kwa miezi 6 hivi yakigandishwa. Yakishayeyushwa jokofuni yatumike ndani ya saa 24 na yasigandishwe tena. Yapashwe moto kwa kuitumbukiza chupa katika maji ya uvuguvugu, kamwe si kwa mikrowevu, ambayo huacha sehemu zenye moto mkali unaoweza kumuunguza mtoto kinywani ilhali chupa kwa nje ni ya vuguvugu. Maziwa aliyoyabakiza baada ya kuanza kunyonya chupa yasihifadhiwe zaidi ya saa 2. Mwambie mlezi kwa maandishi kwamba asimpe maji wala asali. Asali haifai kabisa kabla ya mwaka mmoja.

Chupa yenyewe ianzeni sasa, msisubiri wiki ya mwisho. Baba yake ndiye ampe, wewe ukiwa nje ya chumba, kwa sababu mtoto anayesikia harufu ya titi lililo jirani ana haki ya kuikataa chupa. Ashikwe akiwa ameketi kidogo, chupa ilazwe karibu sambamba na sakafu ili maziwa yasimmiminikie, na apewe nafasi ya kupumzika.

Kuhusu usingizi sitapunguza maneno. Mtoto alazwe chali, kila mara, hata kwa usingizi mfupi, juu ya godoro gumu lililo tambarare, bila mto, bila blanketi zito, bila vitu vya kuchezea. Nchini Marekani, kampeni ya kuwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali ilianza mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takribani nusu katika miaka iliyofuata. Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mtoto aliyezoea kulala chali nyumbani, akilazwa kifudifudi na mlezi mwingine, huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko aliyezoea kulala hivyo. Kwa hiyo usidhani kwamba mlezi mwenye umri mkubwa analijua. Wengi walilea wakati ambapo kifudifudi ndiko kulikofundishwa. Omba kuona kitanda, na uulize bila kumpa jibu: watoto wa hapa hulala vipi?

Mtoto ataumwa, na usijilaumu. Mafua mara nane au zaidi katika mwaka wa kwanza wa kukaa na watoto wengine ni jambo la kawaida. Wakati atakapoanza atakuwa ameshapata chanjo ya wiki 14 katika nchi zinazofuata ratiba hiyo, lakini ya surua huja baadaye, mara nyingi kuanzia miezi 9, na hadi hapo kinga yake inategemea wenzake na walezi kuwa wamechanjwa. Ni halali kabisa kuuliza kama kadi za chanjo za watoto wote hukaguliwa. Uliza pia kama mlezi amefundishwa kumsaidia mtoto mchanga aliyepaliwa, na umwombe akuonyeshe kwa mwanasesere. Mapigo matano ya mgongoni, mtoto akiwa amelazwa kifudifudi juu ya mkono na kichwa kikiwa chini, kisha misukumo mitano ya kifuani. Anayejua hahitaji kufikiri.

Mwalimu wa Saikolojia

Nimeona hakuna aliyeligusa lile swali la sauti ya chini, nami naomba nilijibu, maana ndilo linalowanyima wengi usingizi.

Hatakusahau. Kuanzia mwaka 1991, taasisi ya taifa ya Marekani inayoshughulikia afya ya mtoto ilifuatilia watoto zaidi ya 1,300 tangu kuzaliwa, baadhi yao wakilelewa na mama zao na wengine vituoni au kwa walezi wa nyumbani. Kulelewa na mtu mwingine mchana, peke yake, hakukuonekana kuvunja uhusiano wa mtoto na mama yake. Ubora wa malezi ya kituo ulikuwa na athari kwa lugha na akili ya mtoto, lakini yaliyotokea nyumbani, hasa jinsi mama alivyokuwa akimsikiliza na kumwitikia mtoto, yalikuwa na uzito mkubwa zaidi.

Kuna jambo jingine linalonivutia hapa. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyechunguza uhusiano wa watoto na mama zao, kabla ya kujulikana kwa majaribio yake ya Marekani, alikaa Uganda katika miaka ya 1950, akiwatembelea akina mama majumbani mwao na kuwatazama na watoto wao. Aliona kwamba mama aliyeweza kueleza kwa undani, bila kuulizwa sana, mambo madogomadogo ya mwanawe, mara nyingi ndiye aliyekuwa na mtoto aliyetulia na kumtegemea. Mimi huwashauri wazazi wakigeuze hicho kuwa kipimo cha mlezi. Mwombe akueleze kuhusu mtoto mmoja anayemlea, bila kumtaja jina. Akikuambia ni mtoto mzuri, hana shida, basi hamjui.

Kuanza karibu na miezi minne kuna nafuu moja: hofu ya kutenganishwa na mama bado haijapevuka. Itakuja baadaye, kwa kawaida kuanzia miezi minane hivi, na siku hiyo mtoto aliyekuwa akipokelewa huku akicheka atakung'ang'ania shingoni. Usidhani kwamba mlezi amemfanya jambo. Muage kwa maneno machache, mkabidhi, uondoke. Usitoroke kwa mlango wa nyuma.

Mama Mpya

Nimesoma kila neno, na nawashukuru. Narudi na matokeo.

Tulikwenda mimi na mume wangu, kituoni saa kumi na moja jioni, na kwa yule mama siku iliyofuata saa kama hiyo. Kituoni nilihesabu watoto tisa katika chumba cha wachanga na walezi wawili, mmoja akiwa anajiandaa kuondoka. Nilipomuuliza jina la mlezi wa mwanangu, msimamizi alisema wataliangalia nikishalipa ada ya kujiandikisha. Wale walezi wenyewe, kusema kweli, walikuwa wapole. Mmoja alikuwa amembeba mtoto kwa mkono mmoja huku akiandika daftari kwa mkono mwingine, na nilimwonea huruma.

Kwa yule mama, wawili kati ya wanne wana miaka miwili na zaidi, mmoja ana miezi kumi, na nafasi iliyobaki ndiyo hii ninayoiomba. Nilimwomba anieleze habari za mtoto mmoja. Alisimulia kwa dakika kama kumi kuhusu mtoto anayelala akiwa ameshika sikio la mlezi, si lake mwenyewe, na kwamba siku akikata kucha za mtoto huyo lazima aanze na mkono wa kushoto. Mume wangu alicheka hadi akasahau maswali aliyokuwa ameyaandika kwenye simu.

Lakini nilipouliza watoto hulazwa vipi, alisema wakubwa hulala wanavyopenda, na mchanga humlaza ubavu. Nilimweleza alivyoandika Muuguzi. Hakuudhika, aliniuliza maswali mawili, akaenda akatoa mto uliokuwa kwenye kitanda kidogo, akauweka juu ya kabati. Kuhusu mtu wa kumpokea akizidiwa, alimtaja binti yake anayeishi jirani. Nimemwambia siwezi kujibu ndiyo kabla ya kumwona binti huyo na kuona kibali kinamruhusu, naye amekubali tukutane Alhamisi.

Chupa bado anaikataa, ila jana alinyonya vijiko kama vinne hivi mikononi mwa baba yake, mimi nikiwa nimesimama uani. Mambo yakienda sawa Alhamisi, tutaanza wiki mbili kabla ya likizo kwisha: siku ya kwanza saa moja tu, nami nikiwa nimeketi mle mle chumbani.